Baba anavuka Pasifiki na vali ya chuma kifuani. INR yake ataisoma nani?

Shikamoo Shangazi,

Nimesoma majibu yako kwa wengine muda mrefu, leo ni zamu yangu. Baba yangu ana miaka 69. Mwaka 2015 alifanyiwa upasuaji wa moyo akawekewa vali ya chuma, ile ya upande wa kushoto wanayoiita mitro. Tangu hapo anameza warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, kila siku saa mbili usiku, kidonge kimoja cha pinki cha miligramu 5. Kliniki inataka INR yake, ile namba inayoonyesha damu inachelewa kiasi gani kuganda (ikipanda, damu ni nyepesi zaidi), ikae kati ya 2.5 na 3.5. Hupimwa kila baada ya wiki nne, na namba zote ameziandika kwenye daftari la jalada jeusi ambalo haruhusu mkono mwingine uliguse.

Sasa amejilipia safari ya meli ya siku 68, kuvuka Pasifiki kwenda na kurudi. Mama hataki hata kuisikia hiyo bahari, kwa hiyo mwenzake wa safari nimekuwa mimi. Kuna mahali tutakaa siku sita majini bila kuona nchi kavu.

Kinachonitia hofu ni kwamba tulishaonja. Miaka miwili iliyopita tulisafiri na meli siku kumi na mbili. Siku ya nne Baba akaanza kuharisha na kutapika, akakaa siku tatu hali kitu cha maana. Zahanati ya meli ikampa antibiotiki. Warfarini hakuitaja mtu, wala mimi sikuitaja. Tulipofika nyumbani fizi zilikuwa zinatoka damu kila akipiga mswaki, na mikono ina mabaka kama mtu aliyepigwa. Kupima, INR 7.1. Wakamsimamishia dawa, ikashuka polepole. Yeye mpaka leo anacheka: "Nimekula sumu ya panya miaka yote hii sijafa, bahari itanifanya nini?"

Rafiki yake mmoja mwenye mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio amebadilishiwa kidonge kipya kisichohitaji kupimwa. Baba anataka naye abadilishiwe kabla hatujaondoka. Kaka yangu naye anasema dawa ni kuacha mboga za majani kabisa hadi turudi, ili namba isitikisike. Mimi nataka kujua tutapima wapi, na tukivuka ule mstari wa tarehe katikati ya Pasifiki, kalenda inaporuka siku, dawa inamezwa siku gani. Kama safari haifai niambie, Shangazi. Nitamfikishia. Hatanisikiliza, ila nitamfikishia.

Binti wa Mzee wa Daftari

*

Marahaba, mwanangu.

Safari inafaa, kliniki yake ikiridhia. Na Baba hajakosea kuhusu panya: warfarini ilianza kuuzwa kama sumu ya panya mwaka 1948, ikaruhusiwa kwa binadamu mwaka 1954, na mwaka uliofuata Rais Eisenhower wa Marekani akawa anaimeza baada ya mshtuko wa moyo. Alichosahau Baba ni kwamba panya hapimwi INR.

Turudi kwenye ile 7.1, maana majibu yako mengi yamo humo. Bahari haikuhusika. Warfarini hufanya kazi kwa kulizuia ini lisitumie vitamini K, ambayo ndiyo malighafi ya kugandishia damu. Mtu asipokula siku tatu, vitamini K inapungua wakati warfarini ni ileile. Kuharisha kunazidisha. Halafu ikaja antibiotiki. Hukuitaja jina, lakini zile zinazotolewa mara kwa mara kwa tumbo na mkojo, kama metronidazoli, siprofloksasini na kotrimoksazoli, zinaweza kuifanya warfarini ikae mwilini kwa nguvu zaidi. Mambo matatu yakasukuma namba upande mmoja, na juu ya yote hakuna aliyekuwa zamu. Daktari wa meli alitibu tumbo. Kliniki ya nyumbani haikujua kama mzee anaumwa. Wewe ulidhani wakubwa wanajua.

Kwa hiyo kabla ya kufikiria mashine na vidonge, nendeni kliniki mkaulize: namba ikitoka tukiwa katikati ya maji, tunamtumia nani, kwa njia gani, na atajibu ndani ya saa ngapi? Mwisho wa juma je? Msikubali kujibiwa "mtatupigia tu". Simu za satelaiti hukatika, na kliniki hufunga wakati huko mliko ndiyo kumekucha. Ombeni anwani moja ya barua pepe na jina la mtu. Kama hawana utaratibu huo, waandike kwenye karatasi maelekezo ya dozi: namba ikiwa hivi fanya vile, ikivuka hapa usimeze, nenda zahanati ya meli mara moja. Karatasi hiyo ina thamani kuliko chochote mtakachopakia. Daktari wa meli ni mtu wa dharura, ana maelfu ya watu wengine humo ndani, na Baba hatamjua hadi siku mtakapogonga mlango wake.

Kuhusu kupima. Njia ninayoipenda kwa safari ndefu kama yenu ni mashine ndogo ya kidole, nduguye ile ya kupimia sukari. Msiinunue wiki ya kuondoka. Ipateni miezi miwili kabla, mfundishwe nyote wawili, na angalau mara moja mpime kidole na mshipa siku hiyohiyo mlinganishe. Zikipishana kidogo ni kawaida, lakini tofauti ikikaribia 0.5 au zaidi kliniki iambiwe. Baba aoshe mikono kwa maji ya uvuguvugu, akaushe vizuri, aning'inize mkono chini kidogo, achome ubavu wa ncha ya kidole, na tone la kwanza liingie kwenye stripu, kile kijiti cha kupimia, upesi, bila kukikamua kidole kama chuchu ya ng'ombe. Ukikikamua unachanganya damu na majimaji ya nyama, na namba inadanganya. Stripu nyingi hazitaki joto la zaidi ya nyuzi 30, basi zisikae dirishani wala kwenye begi la matembezi juani. Na jueni kwamba kadiri namba inavyopanda ndivyo kidole kinavyopoteza usahihi. Mkiona 5 au 6, rudieni, kisha ombeni damu ya mshipa ipimwe.

Maabara za bandarini ziwe akiba, zisiwe mpango. Meli hutia nanga kwa muda wa saa nane au kumi tu, watu wanashuka kwa foleni, maabara ya kwanza imefungwa, ya pili inasema majibu kesho asubuhi, na kesho asubuhi nyinyi mko maili mia mbili mbali. Mkilazimika kupima huko, tajeni neno INR na muone herufi hizo tatu kwenye karatasi ya majibu. Kuna nchi, Ujerumani na Ufaransa zikiwemo, ambako maabara huweza kuandika kipimo hichohicho kwa asilimia, na asilimia hiyo inakwenda kinyume: damu ikizidi kuwa nyepesi, yenyewe inashuka. Ukisoma asilimia 20 ukadhani ni INR 20, utazimia wewe kabla ya mgonjwa.

Iandikieni pia kampuni ya meli mapema muulize kama zahanati yao inapima INR. Baadhi wanapima, baadhi hawana. Bili ya zahanati kwa kawaida huongezwa kwenye gharama ya chumba, kwa hiyo bima ya safari ijue wazi kwamba kuna vali ya chuma na warfarini, na iwe inagharamia kuhamishwa mgonjwa. Ukificha ugonjwa ili bima iwe nafuu, umenunua karatasi tu. Helikopta zina mwisho wa safari zake, na katikati ya Pasifiki hakuna itakayowafikia.

Mara ngapi? Wiki nne za nyumbani ni za mtu anayelala kitanda kilekile na kula jikoni mwake. Baharini mimi ningemwomba daktari aruhusu kila wiki, angalau wiki tatu za mwanzo, kisha kila wiki mbili kama namba imetulia. Na bila kujali ratiba, Baba akianza dawa yoyote mpya, au akiharisha, au akikosa kula siku mbili, apimwe ndani ya siku tatu hadi tano. Mabadiliko ya warfarini hayaonekani siku hiyohiyo. Kidonge cha leo jioni kitaonekana kwenye namba keshokutwa au baadaye, kwa hiyo msipime asubuhi mkabadili dozi jioni, mkapima tena kesho mkabadili tena. Mtakuwa mnakimbiza kivuli.

Sasa kidonge kipya cha rafiki. Jibu ni hapana, na hili Baba alisome mwenyewe. Rafiki ana mapigo yasiyo na mpangilio, Baba ana chuma, na hayo ni magonjwa mawili. Dabigatrani, mojawapo ya vidonge hivyo vipya, ilijaribiwa kwa wenye vali za chuma, na utafiti ukasimamishwa mwaka 2012 kwa sababu waliomeza dawa hiyo walipata mabonge ya damu na kuvuja damu zaidi ya wale wa warfarini. Mwaka 2022 utafiti mwingine wa apiksabani, nayo ni ya kundi hilo jipya, kwa wenye vali ya chuma ya aota (mshipa mkuu utokao kwenye moyo) nao ukasimamishwa, mabonge yalikuwa mengi. Mwenye vali ya chuma hubaki na warfarini. Na hata angekuwa mtu wa kubadilishiwa, wiki chache kabla ya kupanda meli si wakati wa kujaribu dawa mpya.

Kwa wasomaji wengine mlio kwenye hivyo vidonge vipya kihalali: kutopimwa INR hakumaanishi mko huru. Nguvu yake hupungua kwa nusu ndani ya nusu siku hivi, kwa hiyo dozi mbili mkizisahau kwenye matembezi ya bandarini mko uchi. Rivaroksabani ya miligramu 15 na 20 humezwa pamoja na chakula, na anayelevywa na mawimbi hawezi kula. Dabigatrani ikae kwenye chupa yake yenyewe, unyevu huiharibu. Msiimwage kwenye visanduku vya siku.

Kaka yako naye umwambie asiguse sahani ya mzee. Mboga za majani zina vitamini K, ni kweli, lakini dozi ya Baba ilipangwa ikihesabu kiasi anachokula kila siku. Akiziacha ghafla, namba itapanda, na mtarudi kwenye 7.1 bila hata kuharisha. Hatari ya meli ni meza ile ndefu ya kujipakulia: leo bakuli la spinachi kwa sababu imepangwa vizuri, kesho nyama tupu, keshokutwa glasi tatu za mvinyo kwa sababu kuna muziki. Ale mboga kiasi kilekile alichozoea. Pombe, kama anatumia, isizidi ya nyumbani.

Mstari wa tarehe ndilo swali lililonifurahisha zaidi katika barua yako, kwa sababu wengi huligundua wakiwa wameshauvuka. Saa za meli husogezwa moja moja, mara nyingi usiku mkiwa mmelala, na hilo lisiwasumbue. Warfarini haiondoki haraka, baada ya saa 40 hivi karibu nusu yake bado imo mwilini. Baba ameze saa mbili usiku ya meli, popote itakapokuwa. Mtego uko kwenye kisanduku cha vidonge chenye majina ya siku. Mkielekea magharibi mtalala Jumatano mwamke Ijumaa, Alhamisi haikuwepo. Usiku ule Baba atafungua kisanduku aone kidonge cha Alhamisi kimelala palepale. Mtu mzembe asingekiona. Mtu makini kama yeye atadhani amekiruka, naye atakimeza pamoja na cha Ijumaa. Mkirudi mashariki inakuwa kinyume: mnaishi Jumatano mbili, na usiku wa ile ya pili chumba cha Jumatano ni kitupu, anasema "nimeshameza", anazima taa. Bandikeni karatasi juu ya majina ya siku, muandike 1 hadi 7. Kwenye daftari aandike dozi ya ngapi tangu kuondoka, na kati ya dozi na dozi zipite saa 24. Kalenda waachieni mabaharia. Siku akisahau kweli, ameze akikumbuka kabla ya usiku wa manane. Akikumbuka kesho yake, hiyo imeshapita. Aendelee na ya siku hiyo peke yake, na aandike kwamba aliruka.

Ulitaja kidonge cha pinki. Hapo nimeshtuka. Kwa mpangilio wa Uingereza, ambao nchi nyingi zinaufuata, pinki ni miligramu 5. Marekani pinki ni miligramu 1. Meli ikitia nanga Honolulu, mji wa Marekani, vidonge vimeisha au vimepotea, Baba akanyoosha kidole akasema "vile vya pinki", ataondoka na moja ya tano ya dozi yake, na vali ya mitro haivumilii hilo. Marekani hiyohiyo miligramu 5 ina rangi ya pichi, na gizani chumbani hizo rangi mbili ni ndugu. Kwa hiyo miligramu zisomwe kwenye chupa kila mara. Nchi nyingine mtapewa asenokumaroli au fenprokumoni mkiambiwa ni kitu kimoja. Ni za ukoo mmoja, lakini dozi zake hazilingani na za warfarini. Njia bora ni kutofika huko. Chukueni vya siku 68 na wiki tatu za ziada, viwe kwenye vifungashio vya duka la dawa vyenye jina lake, nusu kwako nusu kwake, na visiingie kwenye masanduku makubwa. Siku ya kupanda, masanduku huchukuliwa na wapagazi bandarini, na yanaweza kufika mlangoni kwenu usiku, baada ya saa mbili ya Baba kupita.

Kuumwa melini. Bahari ikichafuka, zahanati inaweza kumpa sindano ya kichefuchefu, na mara nyingi ni ya msuli, makalioni. Kwa mtu wa warfarini sindano ya msuli inaweza kuacha bonge la damu ndani ya nyama. Semeni kabla nguo haijashuka. Bebeni vidonge vya kichefuchefu vilivyokubaliwa na mfamasia wake. Ile dawa ya tumbo ya maji, ya pinki tena, yenye bismuthi, asiiguse: ina kemikali ya ukoo wa aspirini, na pia hufanya choo kiwe cheusi, kwa hiyo hamtajua kama ni dawa au ni damu. Ibuprofeni na diklofenaki hapana. Aspirini hapana, isipokuwa ile ambayo daktari wake wa moyo amemwandikia. Maumivu yatulizwe kwa parasetamoli, na ikifika siku ya tatu au ya nne ya dozi kamili, pimeni, kwa sababu nayo hupandisha.

Akigonga kichwa, hata kama anacheka na kusema ni kidogo, mpeleke zahanati saa hiyohiyo. Kizingiti cha bafu la melini kimeangusha wenye nguvu kuliko yeye. Choo cheusi kama lami, mkojo wa rangi ya chai, damu ya pua isiyokoma baada ya dakika kumi za kubanwa, ni mbio zilezile. Upande wa pili tunausahau kwa sababu hautoi damu: namba ikishuka, vali inaweza kuziba. Mdomo kwenda upande, maneno kuvurugika, pumzi kukata ghafla. Na wewe unayelala chumba kimoja naye, bila shaka unausikia ule mlio wa vali, tik, tik, usiku kukiwa kimya. Ukisikia umefifia au umekuwa mzito, usisubiri asubuhi.

Kama namba itapanda tena na daktari wa meli akataka kumpa vitamini K, mwambie kuna vali ya chuma na umwombe awasiliane na kliniki yenu kwanza, isipokuwa kama damu inatoka kwa nguvu. Ikipewa nyingi bila haja, warfarini inaweza kugoma kwa siku kadhaa.

Limebaki daftari. Mwombe ruhusa ya kulipiga picha kurasa za miezi sita ya mwisho, zikae kwenye simu yako. Kisha nunua jingine dogo la safari. Ukurasa wa kwanza aandike mwenyewe, kwa mwandiko wake: vali gani, mwaka gani, warfarini miligramu ngapi, lengo la INR, dawa nyingine anazomeza, na anwani ya yule mtu wa kliniki. Iwe na Kiingereza chini yake. Siku ya kwanza melini, kabla ya kutafuta bwawa la kuogelea liko wapi, shukeni zahanati mkamwonyeshe nesi ukurasa huo. Akisema hawahitaji, mpe tabasamu na umwombe aupige picha.